Siku Tisa Nilizoipinga Seli Nzuri

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na miwili. Msicheke bado, huko mbele kuna mahali pazuri zaidi pa kucheka.

Mmeniomba, nyinyi vijana wa kikundi cha sayansi hapa Masii, niwaandikie kuhusu kazi niliyoifanya kwa miaka minane pale Machakos mjini, kabla sijaja kufunga paneli za kawaida kwenye mapaa ya wazazi wenu. Mmesikia kwamba sikusoma chuo, kwamba nilijifundisha mwenyewe kwa simu, na mnadhani kuna siri. Siri ipo. Anayejifundisha mwenyewe anafundishwa na mwalimu asiyejua kitu, na mwalimu huyo hachukui likizo. Aya hii peke yake nimeiandika mara sita. Ile ya nne ndiyo ilikuwa nzuri, lakini niliifuta.

Tulikuwa tunatengeneza seli za sola kwa plastiki. Si plastiki ya mtungi wa maji. Ni polima, plastiki ya aina yake inayopitisha umeme. Unaiyeyusha mpaka iwe wino, unaichanganya na unga mweusi wa kaboni, unadondosha wino huo juu ya kipande cha kioo na kukizungusha mpaka utandazike. Ukikauka, unabaki na utando mwembamba kiasi kwamba unywele wako ukilazwa kando yake ungeonekana kama gogo. Juu yake unapaka alumini, unamulika, na umeme unatoka. Kidogo sana. Seli zetu zilikuwa na ukubwa wa ukucha, na kwa miaka minane hazikuwahi kuchaji simu ya mtu.

Mama yangu, ambaye analima kule Kivaa, alikuwa akiniuliza kila Krismasi, "Sasa Mwende, hiyo kitu yako inawasha nini?" Nilimjibu kwamba inasogeza namba kwenye kompyuta. Alinipa pole, kama mtu aliyeambiwa habari za ugonjwa. Kanisani mchungaji alinitambulisha kama mwanasayansi wetu, halafu ibada ilipokwisha akaniomba nimtengenezee spika.

Tulifanya kazi katika chumba kimoja nyuma ya chuo fulani, ukuta mmoja na wanafunzi wa upishi, ndiyo maana utafiti wetu wote ulinukia mandazi. Niliingia mle kwa sababu ya kompyuta iliyokufa. Niliifufua, nikaona mchoro kwenye kioo chake, nikauliza kwa nini mstari umejikunja vile. Daktari Nzioka, mkuu wa mradi, akafurahi kuulizwa kitu, akanieleza kwa saa nzima. Kesho yake nikarudi bila kuitwa. Hakuna aliyenifukuza. Cheti changu cha juu kabisa kilikuwa cha kidato cha nne, na hicho chenyewe hakikuwa cha kutundika ukutani. Nje ya mlango ule nilikuwa fundi wa kompyuta asiye na duka. Ndani nilikuwa mtu anayeachiwa kushika vyombo ambavyo wenye shahada walivipigia foleni mahali pengine. Sikuwa na chumba kingine cha namna hiyo duniani, na nililijua jambo hilo kila asubuhi nikifungua kufuli.

Kwa hiyo wafadhili walipotangaza kwamba watakuja mwezi wa kumi kupima seli zetu kwa mkono wao, na kwamba tusipofikisha alama waliyoiweka chumba kitarudishwa kwa chuo kiwe stoo ya unga wa upishi, mimi sikulala vizuri tena. Alama yenyewe haikuwa ya kutisha. Walitaka tatu kwa mia ya mwanga unaoangukia seli igeuke umeme. Paneli ninazofunga hapa Masii hufanya mara sita ya hapo bila kumwomba mtu msamaha. Sisi tulikuwa tumekwama kwenye moja na nusu, tukiwa na makala nyingi za kueleza kwa nini hiyo ni hatua kubwa.

Msaada wa Daktari ulikuwa mmoja. Alipita mlangoni kila siku saa nne, akiwa na kikombe chake cha chai, akachungulia na kusema, "Boresha mofolojia." Kisha akaenda. Alilisema kama mtu anavyosema ongeza chumvi. Mofolojia ni jinsi vitu viwili vilivyomo ndani ya utando vinavyopangana, na hapo ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo hakukosea. Ni kama kumwambia mgonjwa apone.

Niwaeleze jambo hilo, kwa maana bila hilo hamtaelewa ujinga wangu. Fikirieni soko la Masii siku ya soko. Mwanga ukiingia kwenye polima unaamsha jozi, elektroni na shimo lake, yaani pengo aliloliacha, wameshikana mikono. Jozi hiyo inaweza kutembea nanomita kumi hivi, kisha inakufa. Ili igawanyike na kuwa umeme, ni lazima kabla ya kufa ifike kwenye mpaka ambapo polima inakutana na ule unga wa kaboni. Wakishaachana pale, kila mmoja anahitaji njia ya kutokea, huyu lango la juu, yule lango la chini. Sasa ukipanga soko wenye mahindi wote upande huu na wenye maharagwe wote upande ule, jozi inafia njiani kabla haijaona mpaka. Ukichanganya gunia moja la mahindi, moja la maharagwe, hivyo hivyo mpaka mwisho, wataachana mara moja lakini hakuna kichochoro cha kutokea, wote wamekwama katikati na mizigo kichwani. Unachotaka ni vichochoro, vyembamba, visivyokatika, kutoka lango hadi lango. Na hakuna askari wa kaunti wa kuvipanga. Vinajipanga vyenyewe wakati wino unakauka, basi. Wino ukishakauka, soko limefungwa, na ulichopata ndicho hicho.

Haya yote niliyajua. Niliweza kuwachorea. Na kila siku, kwa miaka mitano, nilikausha wino wangu haraka kadiri nilivyoweza.

Kwa nini? Kwa sababu ulipendeza. Mashine yetu ya kuzungusha niliiunda mwenyewe kwa feni ya kompyuta na kifuniko cha kopo la rangi, na nilikuwa nimeinoa mpaka inatoa utando laini kama kioo cha kujitazamia. Nikiutoa pale nauweka moja kwa moja kwenye jiko la umeme, dakika moja, umekauka, unang'aa, rangi ya chungwa safi. Nikauinua kwenye dirisha nikajiona uso. Video nilizojifundishia zilisema utando mzuri hauna doa, nami nikaelewa kwamba usio na doa ni mzuri. Hizo ni kauli mbili tofauti. Ilinichukua miaka mitano kuona tofauti, na sikuiona mwenyewe.

Adui yangu alikuwa vumbi. Mnalijua vumbi la Machakos mwezi wa nane. Niliziba madirisha kwa gundi ya karatasi, nikaweka gunia lenye maji chini ya mlango, nikakataza watu kukung'uta nguo. Wanafunzi wa upishi wakaniita Malaika, kwa sababu ya koti jeupe na kwa sababu sikugusa chochote bila kunawa.

Aliyeteseka zaidi ni Mama Kyalo. Huyu alikuwa mama wa kutoka Kola, anaosha vioo vyetu, anafagia, anatunza stoo, na wakati wa chai anasuka kyondo, kikapu cha Kikamba, bila kuangalia mikono yake. Hakuwa mpole. Alinipita umri kwa miaka ishirini na aliniita mwiitu, yaani msichana, kwa sauti ambayo ungeweza kuisikia kama mapenzi au kama kuambiwa ukae chini. Nilimwonyesha jinsi ya kuosha kioo: sabuni, maji, spiriti, halafu ukipumulie, ukungu wa pumzi ukikaa sawasawa, kioo ni kisafi, ukikaa madoa madoa, rudia. Hilo ni kweli na mlishike, litawafaa. Yeye alilishika ndani ya siku moja. Mimi niliendelea kumkagua kwa miaka mitatu.

Jumatano moja nilikuwa nimezungusha vioo vinane, wino bado mbichi, Daktari akaniita ofisini kunisomea barua ya wafadhili. Niliacha vioo mezani nikijua nitarudi mara moja. Daktari akaisoma barua yote, pamoja na anwani. Niliporudi, sakafu ilikuwa inang'aa, Mama Kyalo hayupo, na juu ya vioo vyangu vinane kulikuwa kumefunikwa mabakuli ya kioo yaliyopinduliwa. Alikuwa amefagia. Na kwa kuwa hakuna mwanamke wa Ukambani atakayeinua ufagio na kitu mezani kikiwa wazi, alifunika.

Nilitazama kupitia mabakuli, nikayaacha yalivyo kwa sababu ya vumbi la ufagio. Bado mbichi. Nusu saa, na bado mbichi. Vilipokauka havikuwa na rangi ya chungwa. Vilikuwa zambarau nzito, iliyofifia kidogo, kama nguo ya sare iliyofuliwa muhula mzima. Hakuna uso ungeuona mle. Nikaandika kwenye daftari langu, mbele ya namba zote nane, kwamba vimeharibiwa, nikaviweka kwenye trei ya kuoshwa upya. Halafu, na hapa naomba mnielewe kwamba nilikuwa sijalala, nikamwandikia Daktari barua ya malalamiko. Kurasa mbili. Nilitumia maneno "uzembe" na "mara kwa mara". Daktari, asiyependa ugomvi lakini anayependa barua, akaisoma mbele ya watu wote wakati wa chai. Wiki hiyo hiyo Mama Kyalo akahamishiwa jikoni kwa upishi, kuosha sufuria.

Alikunja kyondo chake na zile nyuzi zake za katani, akasimama mlangoni, akaniangalia, akatoka. Mimi nikaziba tundu moja la dirisha.

Sasa hakukuwa na mtu wa kuosha vioo, maana nilikuwa nimemfukuza, na kila kitu nikakifanya mwenyewe, na kwa uchovu nikachanganya trei. Vioo viwili kati ya vile vya zambarau vikaingia kwenye boksi pamoja na vipya, vikapakwa alumini, vikafika kwenye taa ya kupimia. Nilikuwa napima huku nimeegemea mkono. Moja nukta nne. Moja nukta tano. Moja nukta tano. Mbili nukta tisa.

Nikaketi wima. Kilichofuata, mbili nukta nane. Kisha tena moja na nusu.

Mtu mwenye akili timamu angeruka kwa furaha. Mimi nilijua mara moja kwamba mashine imeharibika. Nilibadilisha nyaya. Nikabadilisha balbu ya taa. Nikajiuliza kama mwanga unaingia kwa pembeni, nikakata karatasi nyeusi yenye tundu nikafunika kingo, namba haikushuka. Nikalaumu joto, nikapima asubuhi na mapema. Nikalaumu umeme wa ukutani, nikapima kwa betri. Siku tisa, vijana. Zilikuwa zimebaki wiki tatu wageni waje, na mimi nilitumia siku tisa kujaribu kuthibitisha kwamba kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza hakikutokea. Nilifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa kuliko nilivyowahi kufanya kazi yoyote. Kama wafadhili wangekuwa wanapima ufanisi wa kujipinga, tungepata jengo.

Siku ya kumi nikaishiwa na vitu vya kulaumu. Nikageuza vile vioo viwili, nikaona zambarau, nikasoma namba nilizokwaruza kwenye kona kwa sindano. Nikafungua daftari kwenye namba hizo. Na daftari langu, ambalo nilijivunia, lenye mistari ya rula na rangi mbili za kalamu, halikuwa na habari yoyote isipokuwa neno moja la hasira. Sikuandika vilifunikwa na nini. Sikuandika kwa muda gani. Andikeni kilichotokea, si mnavyojisikia.

Nikafunika mwenyewe. Si nilijua ni bakuli? Siku nne nilifunika. Utando haukukauka hata kidogo, au ulikauka pembeni ukabaki uji katikati. Nikijaribu kuinua bakuli kidogo nichungulie, vumbi linaingia, na rangi inarudi chungwa pale nilipochungulia. Nilichungulia sana. Mnanijua.

Zikabaki siku nane. Nikavua koti jeupe, nikaenda jikoni.

Mama Kyalo alikuwa ameinama kwenye sufuria ambayo mtu angeweza kuogea. Nikamsalimia, akaitikia vizuri, maana hakuna hasira inayomzuia mtu wa Kola kuitikia salamu. Nikamuuliza habari za nyumbani, za mvua, za Kyalo. Akajibu zote. Halafu akaendelea kusugua na kuniacha nimesimama na maji yakiniingia kwenye viatu.

Nikamuuliza alivifunikaje vile vioo.

"Nilifunika kwa sababu nilikuwa nafagia," akasema. "Ama ulitaka nifagie na vitu ziko wazi? Huko kwenu Kivaa hamfuniki chakula?"

Nikamwambia si lawama, nataka kujua alivyofanya hasa, kwa sababu viwili vilitoka vizuri. Akaacha kusugua.

"Vizuri aje?"

"Kuliko vyangu vyote."

Alicheka polepole, kwanza mabega, kisha mwili wote, mpaka wasichana wa upishi wakageuka. Akapangusa macho kwa mkono wa sweta. Kisha akakauka uso. Akaniambia kwamba barua ilisomwa wakati wa chai, mbele ya watu, na kwamba watu hao bado wapo na chai bado ipo. Akarudi kwenye sufuria.

Nilielewa. Niliiandika barua ya kukanusha ile ya kwanza mara kumi na moja. Rasimu za kwanza zilieleza hali iliyosababisha kutoelewana. Za katikati zilisema kwamba makosa yalifanyika, kana kwamba yalijifanya yenyewe yakaondoka. Ya mwisho ilikuwa na mistari minne: kwamba Mama Kyalo hakuharibu kitu, kwamba aliyeharibu ni mimi, kwamba nilimsingizia kwa kurasa mbili, na kwamba naomba arudi. Niliisoma mwenyewe saa nne, wakati wa chai, nimesimama mbele ya watu wale wale. Hakuna aliyesaidia. Daktari alitazama ndani ya kikombe chake. Mwalimu mmoja wa upishi alisema amina, sijui kwa nini.

Mama Kyalo alirudi mchana huo na kyondo chake. Alichukua bakuli, akalipindua juu ya kioo kibichi, na chini ya ukingo mmoja akatia kitambaa cha kupangusia meza kilichokunjwa mara mbili.

Kitambaa. Siku ile nilikitupa pamoja na mabakuli bila kukitazama. Alikuwa amekitia ili bakuli lisikwaruze meza, kwa sababu nilikuwa nimeshampigia kelele kuhusu mikwaruzo ya meza. Kitambaa kile kiliacha mwanya mwembamba, na kwenye mwanya huo mvuke wa kiyeyushi ulitoka polepole; si upesi kama kwenye jiko langu, wala si kufungiwa kabisa kama kwenye mabakuli yangu. Muda ule wote wa kukauka polepole, soko lilikuwa linajipanga. Polima ilipata nafasi ya kujilaza, unga wa kaboni ukapata pa kukusanyika, vichochoro vikatokea. Nilikuwa nimesoma kuhusu jambo hili. Lilikuwa kwenye simu yangu, kwenye makala niliyoipigia mstari. Niliipigia mstari kwa sababu picha zake zilikuwa nzuri.

Siku zilizobaki tulijaribu kukunja mara moja, mara mbili, mara tatu, dakika ishirini, arobaini, saa nzima. Tulifikia tatu na kitu. Si kila mara.

Wageni walikuja watatu, na kifaa chao cha kupimia kwenye sanduku. Daktari alikuwa amepanga kuwaonyesha seli tulizokwisha kutengeneza, zile bora. Mwanamke aliyewaongoza akasema hapana, tutengeneze moja mbele yao. Nikazungusha. Mama Kyalo akafunika. Halafu hakukuwa na la kufanya kwa dakika arobaini ila kusimama, watu sita katika chumba kinachonukia mandazi, tukiangalia bakuli.

Dakika ya kumi na tano Daktari hakuvumilia. Alikuwa anaeleza mofolojia, akaona wageni wanaangalia saa, akanyoosha mkono alifunue bakuli awaonyeshe rangi. Mimi niliona. Nilijua kabisa kitakachotokea, nilikuwa nimekifanya mara ishirini, na mdomo haukufunguka. Alikuwa Daktari, na mimi nilikuwa wa kidato cha nne.

"Daktari, acha hiyo," Mama Kyalo akasema. Hakuinua sauti. Alilisema kama unavyomwambia mtoto aliyekaribia sufuria. Mkono wa Daktari ukarudi mfukoni, na ukakaa huko.

Yule mgeni mwanamke akamuuliza unene wa kile kitambaa uliamuliwaje. Mama Kyalo akamwambia ni kitambaa ya kupangusa meza, imekunjwa mara mbili. "Ukikunja tatu, mwanya inakuwa mkubwa, inakauka haraka kama zake," akasema, akanionyesha kwa kidevu.

Tatu nukta moja. Kwa kifaa chao, kwa nyaya zao. Mgeni akapima tena, tatu nukta moja. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ya jiko la upishi, msichana mmoja akanipa andazi bila kuuliza kitu.

Chumba kilibaki. Kwenye ripoti, Daktari aliandika kuhusu ukaushaji wenye udhibiti wa mvuke. Kitambaa hakikutajwa. Siku hizi hata ule unga mweusi wa kaboni umestaafishwa, kuna molekuli mpya zinazofanya kazi hiyo vizuri kuliko ulivyofanya, na mahali pengine wino hauzungushwi tena, unachapwa kama gazeti. Mkiingia kazi hiyo mtatucheka, na mtakuwa na haki.

Mngetarajia niishie hapo. Lakini mmeniuliza kwa nini nilistaafu, na watu wengi nimewaambia ni kifua, moshi wa viyeyushi. Kifua changu ni kizima. Nimepanda mapaa yenu yote.

Baada ya wageni, Mama Kyalo alisema anataka kujifunza kuzungusha. Nikamfundisha, kwa uaminifu, naapa. Utando wake wa kwanza ulikuwa mbaya kama barabara ya Kola baada ya mvua. Wa kumi ulikuwa wa kawaida. Mimi nikimaliza kitu nilikirudia, nikagusa kona, nikaongeza tone, nikapunguza. Yeye alimaliza, akaweka chini, akachukua kyondo. Baada ya mwaka mmoja na nusu Daktari alitaka kujua nani atengeneze seli za kupeleka kwa wafadhili, akatuambia kila mmoja atengeneze kumi, akazichanganya asijue ipi ni ya nani, akaniachia mimi nizipime.

Nilizipima. Kisha nikasoma namba za kwenye kona. Kumi zake zilizishinda kumi zangu, si kwa mbali, lakini zote, moja baada ya nyingine. Nikapima tena. Nikabadilisha balbu. Nikapima mara ya tatu na ya nne, peke yangu, nikitafuta kosa kwa bidii yangu yote, na kosa halikuwepo. Nilizima taa, nikamwita, nikamwonyesha. Akauliza kama ni nzuri.

"Ni nzuri kuliko zangu," nikasema.

Hakucheka. Aliangalia zile namba, akaniangalia, akaniwekea mkono begani.

"Basi, mwiitu, kesho uje mapema nikuonyeshe."

Kesho yake sikwenda. Nyinyi mkiambiwa hivyo, nendeni.